Sehemu ya Sitini na Mbili

Katika jengo la kufulia la hospitali, nyuma ya jiko na mbele ya tangi la maji, kulikuwa na chumba kirefu ambamo mashuka yote ya wagonjwa yalikunjwa. Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Wanawake wawili hushika ncha, hurudi nyuma hadi kitambaa kikaze, hulikung'uta mara moja, kisha huendeana hadi vidole vikutane. Mmoja hupokea ncha zote nne, na mwenzake huinama kuuokota mkunjo. Hivyo kwa siku moja watu wawili huachana na kukutana mara mia tatu au zaidi. Aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka humjua mwenzake kuliko wengi wanavyowajua ndugu zao wa tumbo moja. Na humo, katika kuachana na kukutana, ndimo habari za tamthilia zilimosimuliwa kila asubuhi.

Msimulizi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti iliyokwaruza kidogo, ambaye wenzake walimwita Marudio. Jina hilo halikuwa la mzaha mtupu. Tamthilia iliyopendwa chumbani mle siku hizo, Nyumba ya Kona, ilionyeshwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kazi iliisha saa kumi na mbili kamili. Wenzake sita walikuwa bado njiani mambo yakipamba moto kwenye kioo, na simu zao zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Marudio peke yake alikaa hatua mia mbili kutoka lango la nyuma. Bibi mmoja mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi magauni ya chumba cha upasuaji, na ambaye wote walimwita Bibi Pasi, ndiye aliyesema siku ya kwanza kwamba stesheni nyingine zina marudio ya Jumapili, lakini wao marudio yao yana miguu na huingia kazini saa moja asubuhi.

Miaka minne aliifanya kazi hiyo ya pili bila kukosa, na aliifanya kwa utaratibu ambao haukufundishwa na mtu. Tamthilia ilipoanza hakuchambua mboga wala hakushona kifungo. Aliketi juu ya kiti cha mbao kisicho na mto, akayahesabu matukio kwa vidole, na yalipozidi kumi akavua kandambili na kuendelea na vidole vya miguu. Asubuhi aliyatoa kwa mpangilio ule ule. Hakuigiza sauti, hakupamba, na palipokuwa na neno lililomezwa na kelele za pampu ya jirani alisema waziwazi, "Hapa sikusikia," akaendelea mbele. Wanazuoni wa kale, waliopokeana habari kutoka kinywa hadi kinywa, hawakumtaka mpokezi wao zaidi ya hayo: akumbuke, asizidishe, na akiri asilolijua. Marudio hakuwahi kukaa kwenye darasa lao, lakini Mwenyezi Mungu hugawa tabia kabla ya vitabu.

Usimulizi haukumzuia kuwa na maoni, nayo aliyaweka mbali na habari yenyewe, baada ya kumaliza, kama mtu anayeweka chumvi pembeni ya sahani. Hakumpenda yule binti mwema ambaye tamthilia nzima ilimzunguka. Alisema kwamba binti yule analia vizuri mno, na mtu mwenye msiba wa kweli hana nafasi ya kuangalia machozi yanashukia shavu lipi. Alimheshimu bawabu wa nyumba ile, mzee aliyepewa maneno matatu kwa kila sehemu, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuulizwa jambo na kujibu alichoulizwa. Katika tamthilia nyingine ya upelelezi, iliyokwisha zamani, alibaki na lalamiko moja dhidi ya waandishi: inspekta wao hakuwahi kula chakula msimu mzima, naye hakuamini kwamba mwenye njaa ya namna ile anaweza kumshika mwizi.

Lakini aliyemshika moyo hasa alikuwa Dada Mkubwa wa Nyumba ya Kona, mwanamke mgumu, mwenye funguo kiunoni, ambaye kwa miaka tisa hakusema na mdogo wake. Wenzake walimwona mkatili. Marudio alimtetea. Alisema kwamba wao husikia maneno tu, yeye huona mikono. Na mikono ya Dada Mkubwa, kila jina la mdogo wake linapotajwa, huacha ilichokuwa ikifanya. Siku moja, akiwa katika sala, alijikuta anawaombea dada wale wawili suluhu. Aliona haya, akakatiza. Kisha akafikiri kwamba Mola anajua dada waliokosana ni wengi kiasi gani duniani, na ombi lile halitakosa mlango wa kubisha. Akalimalizia.

Mwenzake wa upande wa pili wa shuka aliitwa Kimya. Huyu alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mikono yenye nguvu, na kwa siku nzima aliweza kusema maneno yasiyofika ishirini. Sababu ilijulikana na wote. Miaka sita nyuma, kwenye matanga ya mama yao, alisimama mbele ya watu akasema kwamba dada yake alimwacha mgonjwa alale na kiu. Haikuwa kweli, naye aliligundua hilo kabla ya jua kuzama, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mbele ya mashahidi. Tangu siku ile dada yake hakusema naye, na Kimya mwenyewe aliuona ulimi wake kuwa kitu cha kufungiwa. Dada huyo alikaa mwendo wa saa moja kutoka hospitali.

Sehemu ya sitini na moja ilionyeshwa Jumatatu. Iliishia kwa Dada Mdogo kusimama mbele ya mlango wa dada yake, mkono juu, hajabisha. Jumanne asubuhi Marudio alipoifikisha habari hadi mkono ule, akanyamaza kama tamthilia ilivyonyamaza, wanawake wote saba wakasimama. Bibi Pasi alilisahau gauni chini ya pasi, na alama ya hudhurungi iliyobaki pale baadaye ilieleza kila kitu kwa msimamizi.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne mashine kubwa ya kukamulia maji iliharibika. Mashuka yakakamuliwa kwa mikono, watu wawili kwa kila shuka, mmoja akisokota kulia na mwenziwe kushoto. Jioni Marudio alifika nyumbani mabega yakimwaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne alichukua mto akauweka kwenye kiti. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alipofumbua macho, muziki wa kufungia ulikuwa unapigwa na majina ya waigizaji yanapanda.

Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa aliyekwisha kustaafu, alikuwa uani akirekebisha baiskeli, naye hakuona chochote.

Asubuhi ya Jumatano alikusudia kusema kwamba alilala. Kusudio hilo alikuwa nalo njiani, alikuwa nalo mlangoni, na alikuwa nalo aliposhika ncha ya shuka la kwanza. Kisha akamwona Kimya, ambaye hakuwahi kuuliza lolote, amesimama upande wa pili na shuka mkononi bila kulikung'uta.

"Alifungua?" aliuliza Kimya.

"Alifungua," akasema Marudio.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Alisimulia kwamba Dada Mkubwa aliufungua mlango, akatazama. Akavuta kiti. Akaleta maji. Akasimama mbele ya mdogo wake kwa muda mrefu, mkono juu ya funguo zake, halafu akauliza kama amekula. Basi, hayo tu. Na sehemu ikaishia hapo. Hakuna aliyeshangilia. Bibi Pasi alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akasema kuwa sasa hata akifa leo ataacha mambo yakiwa sawa katika nyumba ile, na mmoja wa wanawake akamwambia asife kwanza, kuna magauni arobaini kwenye toroli.

Wakati wa mapumziko Kimya alikwenda kwa msimamizi akaomba ruhusa ya Jumamosi. Aliporudi alimweleza Marudio kwa maneno machache, huku wakikunja. Alisema kwamba yule Dada Mkubwa alikuwa na moyo mgumu kuliko wa dada yake, na aliudhiwa zaidi, na miaka yake ilikuwa tisa, si sita. Ikiwa yeye aliweza kufungua, basi Kimya atakwenda kubisha.

Jioni hiyo Marudio aliketi bila mto, mgongo wima. Sehemu ya sitini na tatu ilianza, kama ilivyo desturi, kwa kipande kifupi cha yaliyopita. Kilikuwa cha nusu dakika. Mlango ulifunguliwa. Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake, akamwambia kwamba mama yao alilitaja jina lake hadi pumzi ya mwisho na mwenye jina hakuitika, kwa hiyo na yeye hataitika. Kisha akaufunga mlango, na funguo zikasikika zikizunguka mara mbili.

Mumewe alimkuta amekaa vile vile mbele ya taarifa ya habari, ambayo hakuwa na kawaida ya kuitazama. Alipoelezwa, alicheka kidogo, maana alikuwa mtu wa mzaha. Akasema kwamba watu wa kwenye kioo hawamjui mkewe hata kwa salamu, na yeye amewafanya wakwe. Alipoona hacheki, akashauri kwa moyo mwema kwamba aseme umeme ulikatika, na mambo ya sehemu ya sitini na mbili aliyapata kwa jirani aliyeyachanganya.

"Umeme haukukatika," alisema Marudio.

"Nani atauliza habari za umeme?"

"Mimi."

Aliieleza nafsi yake mambo bila huruma. Si kwamba alisahau, alitunga. Na alitunga kwa sababu ya kiburi cha aina mbili: kwanza hakutaka kuonekana amelala, na pili alijiona anamjua Dada Mkubwa kuliko waliomwandika. Sehemu sitini na moja za kuitazama mikono ya yule mwanamke zilimpa hakika kwamba angefungua. Sasa mtu wa kweli, mwenye miguu, anakwenda kusimama mbele ya mlango wa kweli kwa kutegemea mlango ambao haukufunguliwa. Dada wa Kimya akimfungia, aibu ile ya pili itamvunja kuliko ya kwanza, na chanzo kitakuwa kinywa cha Marudio. Akimwambia ukweli, huenda Kimya asiende kabisa, na dada wale wakazeeka mbali mbali. Alizipima pande zote mbili, akaona kwamba upande wa kwanza una uongo ndani yake na wa pili hauna, na kwamba matokeo ya ukweli hakuagizwa yeye kuyatunza. Akaazimia kusema.

Azimio lilipata mtihani wake Alhamisi. Alipoingia tu, msimamizi alikuwa mlangoni na toroli tatu za nguo za upasuaji zilizotakiwa kabla ya saa nne. Chumba kizima kilifanya kazi bila kusema. Mchana, wenzake walipomdai sehemu ya sitini na tatu, ilikuja lori la magodoro, wakaitwa wote kwenda kupokea. Siku ikaisha hivyo. Alipokuwa akivua aproni alihisi nafuu kubwa kifuani, kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Na akaiona nafuu ile ilivyo, akaiona inavyofanana na ule uongo, ukoo mmoja. Aliitundika aproni akajiambia kwamba kesho atasema kwenye shuka la kwanza, si la pili.

Ijumaa, saa moja na dakika tano, walishika ncha. Wakarudi nyuma hadi kitambaa kikakaza.

"Kimya," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu chumbani angeisikia, kwa kuwa uongo aliusema mbele ya wote. "Jumanne nililala. Sehemu ya sitini na mbili sikuiona. Niliyowasimulia nilitunga. Dada Mkubwa aliufunga mlango."

Kimya aliachia. Shuka lilianguka upande wake, nusu yake ikabaki imening'inia mikononi mwa Marudio na nusu imelala sakafuni. Bibi Pasi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa na jibu moja kwa kitambaa kilichogusa chini, akalitoa hilo hilo, polepole: "Limegusa. Lirudi majini."

Kimya aliinama, akalikusanya, akatoka nalo kuelekea mashineni. Alikaa huko muda mrefu kuliko shuka moja linavyohitaji. Chumbani, mwanamke mmoja alisema kwamba kwa hiyo hata yule inspekta huenda alikuwa anakula, ni Marudio tu alimnyima. Lakini kicheko hakikufika mbali. Bibi Pasi hakumwangalia Marudio. Alisema, akiielekeza kauli kwenye gauni lililokuwa mbele yake, kwamba amesikia habari nyingi maishani, na hii ya kufunguliwa mlango alikwisha kumpelekea mgonjwa wake wa nyumbani, naye alilala vizuri kwa ajili yake. Sasa leo atakwenda kumwambia nini?

"Mwambie mimi ndiye niliyeongopa," alisema Marudio. "Nitaje."

"Nitakutaja."

Kimya aliporudi alichukua shuka jingine kwenye rundo, akatafuta ncha zake mbili, akasubiri. Marudio alishika za kwake. Walikunja sita, saba. Kwenye la nane, vidole vilipokutana, Kimya hakuachia.

"Nisimulie alivyofunga."

Marudio alimweleza kwamba ameona kipande cha nusu dakika tu, mwanzo wa sehemu iliyofuata, na hatazidisha juu yake. Akakitoa chote: mlango, maneno ya Dada Mkubwa neno kwa neno, funguo mara mbili.

"Alipokuwa anasema alilia?"

"Hakulia."

"Na mdogo mtu?"

"Alisimama pale pale. Kilichofuata katika sehemu ile sikukiona."

Kimya akachukua mkunjo, akaendelea na kazi. Hadi mchana hakusema tena, na Marudio, ambaye moyo ulimtuma kila dakika kuongeza maelezo, kuomba radhi mara ya pili, kueleza habari za mashine na mabega na mto, aliuzuia ulimi kwa nguvu zile zile alizozitumia kukamua mashuka. Aliona kwamba kila neno zaidi lingekuwa la kujipunguzia mzigo yeye, si la kumfaa mwenzake. Saa saba, walipokuwa wakiosha mikono, Kimya alifunga bomba akasimama.

"Dada yangu hayumo kwenye televisheni," alisema.

"Hayumo."

"Huyo wa kwenye kioo akifungua au akifunga, wangu hana habari. Ruhusa nimekwisha omba. Kesho nakwenda."

Marudio alisema kwamba kama anataka mtu wa kumsindikiza, yeye yuko tayari, atakaa mbali, hata barabarani. Kimya akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pembe za mdomo wake zikalegea.

"Hapana, mwenzangu. Ukija utanisimulia mimi mwenyewe ninavyotembea."

Jumamosi ilimpita Marudio kwa uzito. Alifua, akapanga, akakung'uta kile kiti cha mbao mara mbili bila haja. Alisali, na safari hii hakuwataja dada wa Nyumba ya Kona hata kidogo. Alimtaja Kimya kwa jina alilopewa na wazazi wake, na dada yake kwa jina lake, ili pasiwe na mchanganyiko.

Jumatatu asubuhi wanawake wote walikuwa wamefika kabla ya saa, jambo ambalo msimamizi aliliandika kwa mshangao katika daftari lake. Hakuna aliyemdai Marudio habari za Ijumaa jioni, ingawa alikuwa nazo, vidole tisa kamili. Wote walikuwa wakiyatazama mashuka na kumsubiri Kimya kwa namna ya watu wasiomsubiri mtu. Kimya aliingia, akafunga aproni, akashika ncha. Na yule ambaye kwa miaka sita aliufungia ulimi wake akaanza kusimulia, kwa sauti tambarare, bila kupamba, kama mtu aliyesikiliza somo kwa muda mrefu na sasa ameitwa mbele kulisoma.

Alisema kwamba alifika saa nne. Mlango haukuwa umefungwa wala kufunguliwa. Ulikuwa umeegeshwa kwa tofali, kwa sababu dada yake alikuwa juu ya kiti akitundika pazia, na fimbo ya pazia ilikuwa inamteleza upande mmoja. Hakupata nafasi ya kubisha. Dada yake aligeuza shingo, akamwona, na fimbo ikaanza kushuka.

"Akaniambia, 'Shika hapa,'" alisema Kimya. "Nikashika."

Walilitundika pazia. Lilikuwa limepigwa pasi vibaya, mikunjo imekwenda mshazari, na Bibi Pasi akasema tss kwa uchungu wa kazi. Kimya alitamka yale aliyoyaendea: kwamba alisema uongo mbele ya watu juu ya kiu ya mama yao, na kwamba atausema ukweli mbele ya watu hao hao, hata akiwafuata nyumba kwa nyumba. Aliyasema akiwa ameshika fimbo, mikono juu, kwa kuwa ndivyo ilivyotokea. Dada yake hakumkumbatia. Hakumfukuza. Aliendelea kuingiza vishikizo kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

"Kisha akasema kitu," alisema Kimya, "ameshika kishikizo mdomoni." Akasita. Alikuwa amefika mahali ambapo chumba kizima kilitaka neno, na neno lolote zuri lingepokelewa. "Hapa sikusikia."

Akarudi nyuma hadi shuka likakaza. Alimalizia kwamba dada yake aliposhuka kwenye kiti alimwambia Jumamosi ijayo kuna pazia la chumbani, nalo ni refu zaidi. Hayo tu.

Marudio, upande wa pili, alikwisha kujua ni neno gani lililosemwa na kishikizo mdomoni. Alilijua kwa hakika ile ile aliyokuwa nayo juu ya mikono ya Dada Mkubwa. Lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wake, zuri, la kufaa mahali pake. Akazikaza ncha mbili za shuka, akalikung'uta mara moja, akamwendea mwenzake bila kusema neno.